Mto Kwenye Siti ya Nyuma

Gauni halikuwa na shingo.

Yaani shingo ilikuwepo, ila Mama Bosi alikuwa ameishona ikafungika yote, bega hadi bega, kwa mshono ulionyooka wa kupigiwa mfano. Mwenye gauni, mwalimu wa chekechea mwenye adabu zake, aliligeuza mbele, akaligeuza nyuma, akaingiza mkono kwa ndani kutafuta tundu, kisha akauliza kwa upole:

"Fundi, sasa mimi kichwa nitapitishia wapi?"

Baraza zima likaangua kicheko. Na baraza la nyumba ile halikosi watu, maana wifi yake Mama Bosi ni msusi, na wateja wake hushinda pale tangu asubuhi, vichwa nusu vimesukwa nusu vimefumuliwa, midomo haina mapumziko. Mama Mkwe akatoka sebuleni kuona kulikoni. Alipoliona gauni alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mama Bosi! Mwanangu, hilo si gauni, hilo ni gunia!"

Mama Bosi hakucheka. Na wewe usicheke. Kama hujawahi kuzaa ukarudishwa kwenye nyumba isiyonyamaza, wiki baada ya wiki hupati hata lepe la usingizi, mpaka ukawa unaweka chumvi kwenye chai na sabuni ya kufulia kwenye jokofu, basi huna la kusema juu ya shingo ya gauni. Alilichukua gauni, akamwomba mwalimu radhi, akaingia ndani.

Zamani alikuwa Fundi. Watu walitoka mitaa ya mbali kumletea vitambaa. Siku hizi ni Mama Bosi, kwa sababu mtoto, alipozaliwa tu, alipiga ukelele mmoja nyumba nzima ikasimama, na mdogo wa mumewe akasema, "Huyu ndiye bosi." Jina likaganda. Na tangu siku hiyo kila mwenye mdomo alikuwa na haki ya kuliita. Mama Bosi, moto umezimika! Mama Bosi, taulo liko wapi? Mama Bosi, mbona mtoto analia?

Usiku Bosi hakulala, na aliyekesha naye alikuwa mama yake peke yake. Baba mtu alishatolewa chumbani. Mama Mkwe ndiye aliyeamua, siku ileile Mama Bosi aliyotoka kujifungua.

"Mwanangu anafanya kazi na mashine za kusugulia vyuma," alisema. "Akisinzia, mkono umekwenda. Wewe unashinda nyumbani, utalala mchana."

Na mume, ambaye mtaa mzima unamwita Msasa kwa kuwa kazi yake ni kusugua bodi za magari kabla ya kuzipiga rangi, alisemaje? Hakusema. Alilibeba godoro dogo mwenyewe mpaka sebuleni, tena akipiga mluzi.

Basi mchana ukifika, alale! Alale wapi? Redio ya Mama Mkwe imefunguliwa mpaka mwisho, maana eti mtoto anayelelewa kwenye ukimya huwa mwoga ukubwani. Mashine ya kukaushia nywele inavuma barazani. Runinga ya sebuleni inatangaza mpira na mdogo mtu anatangaza juu yake. Alipomlalamikia Msasa, alijibiwa kwa tabasamu: "Utazoea, mke wangu. Mimi nimekulia humu, wala sisikii kitu." Akimpigia simu mchana, anaomba angalau aje amshike mtoto kidogo, jibu lilikuwa moja: "Siwezi kutoka, nasubiri rangi ikauke." Naye alimwamini. Alimwonea hata huruma, maskini, amesimama juani akilinda rangi.

Siku ile Mama Mkwe alikuwa na wageni. Wanawake wa kikundi chake walikuwa wanakuja alasiri kumwona mtoto.

"Vaa vizuri," alimwagiza mlangoni pa chumba. "Na uso huo wa kununa uuache humo ndani. Watadhani nakutesa."

Wifi naye akapita na kitana mdomoni, akakitoa ili aseme vizuri. "Mimi simo, wifi yangu. Ila kaka yangu siku hizi anang'aa. Umemwangalia? Macho meupe, ngozi imetulia. Mwanaume mwenye mtoto mchanga nyumbani anang'aa kwa dawa gani? Mwenye macho haambiwi tazama."

Akaenda zake. Mama Bosi akabaki ameketi kitandani, mtoto kifuani, maneno yale yakimchoma. Ni kweli, Msasa alikuwa anang'aa. Yeye alikuwa na macho mekundu na midomo iliyopasuka, mumewe anarudi jioni kama mtu aliyetoka likizo.

Alimnyonyesha Bosi mpaka akashiba. Akatia nepi kwenye mkoba. Dada yake, muuza viatu, alikuwa ameshamwambia zaidi ya mara moja kwamba kwake kuna chumba na kuna kimya. Mama Bosi akajiapia pale pale: leo Msasa atasema na watu wake, na atasema kwa mdomo wake. Asiposema, yeye na mtoto wanaenda kwa dada, na huko hawatarudi. Liwalo na liwe. Akatokea mlango wa nyuma.

Gereji haikuwa mbali. Ulianza kuisikia kabla hujaiona, nyundo juu ya bati, kompresa inaguruma, mtu analitukana gari kama vile gari lina masikio. Getini alikuwepo Spana, fundi injini, rafiki wa Msasa tangu utoto. Alipomwona alisimama haraka mno.

"Shemeji! Leo umetukumbuka! Na Bosi mwenyewe! Lete nimbebe, karibu, kaa hapa kwenye—"

"Msasa yuko wapi?"

"Msasa..." Spana akajikuna kisogo kwa mkono wenye grisi. "Yupo. Yaani hayupo hapa. Ila yupo. Anasubiri rangi ikauke."

"Anaisubiria wapi?"

Macho ya Spana yalimsaliti. Yaliruka mpaka pembeni kabisa mwa uwanja, kwenye uzio, ambako lilikuwepo gari moja kubwa la kifahari lisilo na bampa, limeegeshwa kivulini.

"Shemeji, usiende kule. Kule kuna... mafuta yamemwagika."

Alikwenda. Kumbe Wifi alijua! Wote wanajua, ila yeye tu, mjinga wa kufungia watu shingo! Njia nzima ya uwanja ule alikuwa anapanga atakalomfanya mwanamke huyo, mzuri kama ni mzuri, mbaya kama ni mbaya. Alipolifikia gari aliona viatu vya Msasa chini, vimevuliwa na kupangwa vizuri kando ya mlango, kama mtu aliyeingia nyumbani kwake. Akamkaza mtoto kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaufungua mlango wa nyuma kwa nguvu zake zote.

Msasa alikuwa peke yake.

Alikuwa amejinyoosha kwenye siti, soksi miguuni, mikono juu ya tumbo, mdomo wazi, anauchapa usingizi wa pono. Na chini ya kichwa chake ulikuwepo mto. Foronya ya bluu, ua jeupe pembeni. Mama Bosi alilijua lile ua kwa sababu alilidarizi mwenyewe, akiwa na mimba ya miezi saba. Ulikuwa mto wake wa kujiegemeza akinyonyesha. Ulipopotea alimshuku mdogo wake Msasa mpaka wakanuniana, na Msasa alikuwepo pale pale, anakula, akasema, "Labda umeanikwa na nguo, utafute vizuri."

Aliuvuta mto. Kichwa cha Msasa kikadunda kwenye siti.

"Nini? Nini? Mama Bosi!" Akakaa, akapikicha macho. "Kuna nini? Mtoto anaumwa?"

"Mtoto mzima. Mgonjwa ni mimi."

"Unaumwa nini?"

Alimtazama. Hayo macho! Meupe, yametulia, yamelala yakashiba. Kweli Wifi aliona.

"Bora ningekukuta na mwanamke," alisema.

"Mwanamke gani tena, jamani?"

"Yeyote! Ningejua pa kuanzia. Ningemvuta nywele, ningekutukana, ningerudi kwetu nikilia na kila mtu angenielewa. Sasa nitawaambia nini watu? Kwamba nimemfumania mume wangu na usingizi?"

Nyuma yake Spana alikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Mama Bosi akageuka. Spana akakumbuka kazi na akaenda kuifanya.

"Kila siku?" akauliza Mama Bosi.

"Si kila siku."

"Msasa."

Msasa akashusha macho kwenye soksi zake. "Kila rangi ikikauka."

"Na rangi hukauka mara ngapi?"

"Inategemea. Gari moja hupakwa rangi mara tatu, makoti matatu..."

"Makoti matatu! Mimi nakupigia simu nimembeba mtoto huku nasinzia jikoni, naogopa nitamwangusha kwenye moto, wewe uko hapa kwenye koti la pili?"

"Sikukudanganya, mke wangu. Nilisema nasubiri ikauke, na kweli ilikuwa inakauka."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa!" Bosi akashtuka kifuani, akakunja uso, akaamua kutolia. "Na mto wangu! Umeuiba kitandani kwangu, ukautoa nyumbani umeufichaje?"

"Ndani ya ovaroli," alisema Msasa, kwa sauti ya chini kabisa.

Kwa siku nyingine picha ile ingemchekesha, mwanaume mzima anatoka nyumbani alfajiri na tumbo la mto. Siku ile ilimwongezea hasira tu.

"Fundi wangu," Msasa akasema. Lilikuwa jina la zamani, la enzi alipokuwa akimletea suruali kila wiki aitie kiraka, mpaka siku moja Mama Bosi akagundua kwamba Msasa anazichana mwenyewe kwa wembe ili apate sababu ya kuja. "Nisikilize. Ungefanyaje ungekuwa mimi? Kule nyumbani hakulaliki. Redio ya mama, runinga, wasusi. Hata sebuleni silali, nageuka tu mpaka kunakucha. Kule mtu halali, hata angekuwa jiwe."

Mama Bosi aliutazama ule mto.

"Kumbe unajua," akasema.

"Najua nini?"

"Kwamba hakulaliki. Ulinambia husikii kitu. Ulinambia nitazoea. Nikajiona mimi ndiye mdhaifu, mimi ndiye mwenye kasoro, mwanamke gani anashindwa na redio? Nimelia chooni kwa ajili ya hilo, Msasa. Kumbe unajua. Ulijua, ukatafuta pa kulala peke yako, ukaniacha mle ndani."

Msasa alinyoosha mkono amguse shavu, na Mama Bosi, Mungu amsamehe, kwa nukta moja alitamani aguswe. Alitamani kuangukia kile kifua chenye vumbi la puti, ile ya kuzibia mashimo ya bati, na kulia mpaka basi. Tangu godoro lihamishwe hawajawahi kukaa wawili hata kwa muda wa kikombe cha chai. Alimkosa mume wake, na alichukia kumkosa mtu aliyemkasirikia kiasi kile. Akausogeza uso pembeni.

"Usiniguse. Toka humo."

"Twende nyumbani tukazungumze."

"Toka kwenye gari."

Msasa akatoka na soksi zake. Mama Bosi akamwekea mtoto mikononi. "Shika shingo. Ameshiba. Nepi ziko kwenye mkoba. Usimpeleke kwenye rangi, kaa naye hapa kivulini."

"Wewe unaenda wapi?"

"Siendi popote." Alikwishaingia. Akauweka mto pale pale ulipokuwa, akaupiga konde, akaugeuza upande wa pili ili asinuse nywele za mtu.

"Akilia?"

"Umbembeleze."

"Nikishindwa?"

"Mimi hakuna aliyenambia nikishindwa nifanyeje."

"Lakini utalalaje hapa? Sikiliza hizo nyundo!"

"Nyundo hazinijui jina," akajibu Mama Bosi. "Kelele si tatizo, Msasa. Ningelala hata kwenye mashine ya kusaga. Ninachoshindwa ni kuitwa. Kila kelele ya nyumba ile ina jina langu ndani yake."

Akafunga mlango. Akabonyeza vitasa vyote, akateremsha vioo kidogo hewa ipite, akalaza kichwa. Aliona bado Msasa amesimama nje amembeba mtoto kama mtu aliyekabidhiwa bakuli la maji ya moto. Halafu hakuona tena chochote.

"Mama Bosi!"

Angeweza kulala gereji nzima ikivunjwa juu yake, lakini sauti ile ilimfikia hata chini kabisa ya usingizi. Alifumbua macho. Jua lilikuwa limehama. Nje ya kioo alimwona Mama Mkwe katika nguo zake za wageni, jasho linamtiririka, na Msasa mbele yake na mtoto begani.

"Wageni wangu wamejaa sebuleni! Wanauliza mtoto, hakuna mtoto. Wanauliza mama, hakuna mama. Namtafuta kama kichaa, mpaka msichana mmoja barazani aseme amemwona anakuja huku. Na wewe unamlea mtoto kama yaya! Mwamshe!"

"Mama, tulia kidogo..."

"Mwamshe nimesema! Uvivu gani huu wa kuja kulala kwenye magari ya watu, mchana kweupe, mbele ya wanaume?"

Mama Bosi hakusogea. Alifumba macho nusu, akatazama kupitia kope. Aliona mkono wa Msasa unakuja kwenye kitasa. Vidole vile alivijua, vyeusi kwenye kucha, vina makovu ya bati. Vikashika kitasa. Akasema moyoni, akijaribu kufungua tu, nateremka hapa naenda kwa dada, na nguo zangu atazileta Spana. Alikuwa hatanii. Alishaanza kuhesabu moyoni nguo za mtoto.

Vidole vikakaa pale. Kisha vikaachia.

"Mama, mlango huu sifungui."

"Unasemaje?"

"Amelala. Na tafadhali punguza sauti."

Hata nyundo za karibu zilisita. Mama Mkwe alimtazama mwanawe kana kwamba amezungumza lugha ya ng'ambo.

"Mimi nipunguze sauti? Mimi? Nimekuzaa, nimekulea kwenye kelele hizohizo, na ukakua ukawa mwanaume!"

"Nikakua, Mama, halafu nikatoroka kuja kulala kwenye magari ya watu. Siyo yeye, ni mimi. Leo ndiyo mara yake ya kwanza. Mimi nalala humu kila siku."

"Nilikutoa chumbani ili ulale nyumbani!"

"Na nilitoka mbio. Hilo ni kosa langu, wala sikulaumu wewe. Lakini usiku wa leo narudi chumbani kwangu. Na mtoto akilala, redio izimwe. Na mchana mtu asimwite. Mwenye kutaka taulo alitafute."

"Amekulisha nini huyu mwanamke?"

"Hajanilisha kitu, Mama. Hana hata nguvu ya kujilisha mwenyewe. Gauni la watu ameshona shingo imefungika, mmecheka. Spana kanionyesha ujumbe wa binti yako msusi, kaueneza mtaa mzima. Sasa fikiria siku akisinzia amembeba huyu."

Mama Mkwe akalegea kidogo, lakini mtu mzima harudi nyuma mara moja. "Na wageni wangu? Nikawaambie nini?"

"Mtoto wamekuja kumwona, mtoto nitampeleka. Nitakaa nao mimi."

"Wewe? Mwanaume? Na hiyo ovaroli?"

"Na hii ovaroli."

"Hujawahi kunijibu hivi maisha yako yote," Mama Mkwe akasema. Sauti yake ilikuwa imepasuka katikati.

"Najua, Mama. Twende, wageni wanasubiri."

Wakaenda. Mama Bosi aliwatazama kupitia kioo wakivuka uwanja, mama mbele anaongea peke yake, Msasa nyuma, kiganja kimeshika shingo ya mtoto jinsi alivyoambiwa. Ndipo machozi yakamtoka, na usidhani ni ya furaha. Yalikuwa ya hasira tupu. Maneno machache kiasi kile! Msasa ameyasema akiwa amesimama, bila hata kukaa chini, na dunia haikupasuka. Wiki zote zile yalikuwa mdomoni mwake, na hakuyatoa. Akaupiga mto konde, akalia mpaka foronya ikalowa, na katikati ya kulia usingizi ukamrudia.

Kilichomwamsha mara ya pili ni maziwa. Kifua kilikuwa kimejaa na kuuma, blauzi imelowa, na nje jua lilikuwa limelegea. Alikaa. Kwa mara ya kwanza tangu ajifungue kichwa chake kilikuwa chepesi, kitu kimoja kinakaa baada ya kingine. Msasa alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye tairi, Bosi anahangaika mikononi mwake na kutafuta titi kwenye vifungo vya ovaroli. Begani alikuwa na matapishi. Nywele zilikuwa zimesimama. Macho yalikuwa mekundu.

Mama Bosi akafungua mlango, akanyoosha mikono bila neno. Akapewa mtoto. Bosi akadaka titi kwa pupa, akatulia.

"Wageni?" akauliza.

"Wameondoka. Kuna mmoja, bibi mzee, aliuliza mama wa mtoto yuko wapi. Nikamwambia amelala. Akasema, 'Heri yake.' Basi, wakanyamaza wote. Hata Mama."

"Mama amesemaje baadaye?"

"Amenuna. Redio ameizima kwa hasira, karibu avunje kile kitufe." Msasa akajipangusa bega. "Lakini ameizima."

Mama Bosi hakutaka kucheka, na hakucheka. Alimtazama tu mume wake pale chini. Alikuwa amechoka kwa mchana mmoja, mmoja tu, na alionekana kama mtu aliyeokolewa majini. Alikuwa mzuri bado. Hilo nalo lilimuudhi.

"Nisamehe, Fundi."

"Bado."

"Naweza kuingia nikae hapo kando yako?"

"Nina hasira, Msasa."

"Najua."

"Sijamaliza. Kesho nitakuwa nayo. Keshokutwa pia, nikiikumbuka hiyo miluzi yako na godoro kichwani."

"Najua. Godoro nimelirudisha kwa jirani, alikuwa ametuazima. Sina tena pa kulala sebuleni."

"Nani kakuambia nakutaka chumbani?"

Msasa hakutoa tabasamu lake lile la kumaliza maneno. Alikaa tu, mikono juu ya magoti, akingoja, na safari hii hakukuwa na rangi yoyote inayokauka. Mama Bosi akamhamisha mtoto titi la pili. Kisha akajisogeza kwenye siti, kidogo, kiasi cha mtu mmoja kujibana.

"Usiku mimi nalala ukutani," akasema. "Wewe utalala upande wa mtoto, akiamka uamke wewe."